Saa Saba za Malindi

Ndege ndogo zinazotoka Manda, kwenye uwanja unaohudumia Lamu, haziruki juu sana zikielekea kusini, na kwa mtu anayeipenda pwani hiyo ni neema. Nilikuwa nimepata kiti cha dirishani upande wa kushoto. Delta ya Mto Tana ilipita kwanza, mikoko na vijito vimesukana kama ukili, kisha Ghuba ya Ungwana, kisha rasi ya Ngomeni na ile minara ya chuma iliyosimama baharini kwa miguu yake mirefu. Tulipoipita Mambrui maji yakageuka rangi. Mto Sabaki ulikuwa umejaa mvua za vuli na unamwaga udongo wake baharini, na pale wekundu ulipokutana na buluu palikuwa na mstari wazi kama pindo la leso. Rubani akaulaza ubawa, mstari ule ukapanda dirishani, na dakika chache baadaye magurudumu yakagusa lami ya Malindi.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, Novemba ikielekea ukingoni. Ndege yangu ya kuunganisha kwenda Nairobi ilikuwa iondoke saa sita. Simu iliposhika mtandao ujumbe ukaingia: safari ya saa sita imefutwa, abiria wamehamishiwa ile ya saa kumi na nusu. Hakukuwa na neno la pole wala la sababu. Abiria wenzangu waliokuwa na safari hiyohiyo walikaa kwenye mabenchi, wakatafuta mahali pa kuchajia simu, wakaanza kuihesabu siku yao kuwa imepotea.

Mimi nilitoka nje. Nilikuwa na begi moja la mgongoni, viatu vyepesi, na saa saba mkononi. Malindi nimeipita mara nyingi kwa haraka, nikiwa kwenye basi la Lamu au gari la watu wenye shughuli zao, na kila mara nilijiambia kwamba siku moja nitashuka. Siku hiyo ikawa imeniteremsha yenyewe.

Uwanja wa ndege uko pembeni tu mwa barabara ya Mombasa, kilomita tatu hivi kutoka katikati ya mji, kwa hiyo msafiri hana haja ya kupiga hesabu za foleni kama anavyofanya Nairobi. Tuktuk zimepanga mstari nje ya lango. Kijana wa ya kwanza alinikaribisha kwa upole wa watu wa pwani, bila kunishika mkono wala kunivuta begi.

"Karibu Malindi, dada. Waenda wapi?"

Nikamjibu kwa swali ambalo babu mmoja wa Lamu alinifundisha kuliuliza mahali popote penye bahari. "Maji yakoje leo?"

Akageuka kunitazama vizuri. "Bamvua, dada. Sasa yanapwa. Saa nne na nusu yatakuwa yametoka kabisa, halafu yaanza kurudi. Mpaka saa kumi yamejaa."

Hiyo ndiyo ratiba ya Malindi, na yeyote mwenye saa chache hapa aipange siku yake juu yake. Maji yakipwa, mwamba unatokea na mtu anaweza kutembea chini ya majabali. Maji yakijaa, vyombo vinaingia. Nilimwuliza kama inafaa kwenda hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa mwaka 1968 upande wa kusini, kwenye matumbawe, ambayo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina yake Afrika. Alitikisa kichwa. Mvua zikinyesha bara na upepo wa kaskazi ukianza kuingia, tope la Sabaki husukumwa kusini mpaka mbele ya mji, na aendaye kutazama samaki huishia kutazama maji ya chai. Njoo wakati wa kusi, akasema, tope laenda kaskazini, utaona mpaka kucha za kaa. Alikuwa anajinyima nauli ya safari ndefu kwa kuniambia kweli, na hilo nimelitia moyoni.

"Basi nipeleke nikale," nikamwambia.

Aliniteremsha kwenye kichochoro cha mji wa kale, nyuma ya mitaa ya maduka, mbele ya baraza ambapo mama mmoja mtu mzima alikuwa ameketi kwenye kibao kifupi mbele ya karai. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia "Marahaba, mwanangu," bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta, kwa sababu mafuta hayangoji. Nikavuta kiti cha plastiki nikakaa karibu kuliko ilivyo adabu, maana nilitaka kuona.

Donge lilikuwa limeumuka chini ya kitambaa. Alilikata tonge, akalisukuma kwa mti wa kusukumia mpaka likawa duara la unene wa kidole, akapitisha kisu mara mbili, yakawa mapande manne ya pembe tatu. Alipoliteremsha pande la kwanza kwenye karai lilizama, likanyamaza kidogo, likaibuka. Hapo ndipo penye ufundi. Kwa kijiko kirefu alichota mafuta ya moto akayamwagia mgongo wa lile hamri, haraka haraka, na kila mmwagio likazidi kuvimba, mpaka likawa duara kama shavu la mtoto anayepuliza moto. Kisha akaligeuza kwa ncha ya kijiko, upande wa chini ukiwa na rangi ya ukoko wa wali. Harufu ya iliki ilisimama kichochoro kizima. Mtu akiacha kumwagia mafuta hamri hubaki bapa, aliniambia, na mtu wa Malindi huligeuza mkononi, akalirudisha.

Mbaazi zilikuwa kwenye sufuria pembeni, zimechemshwa hata zikalainika lakini hazikupasuka, katika tui zito lenye binzari na kitunguu, na pilipili mbuzi moja nzima inaelea juu, haikuguswa, imeachwa itoe harufu tu. Unavunja hamri, ndani ni tupu kama mfuko, unachotea mbaazi. Nilikula matatu. Mama akanimiminia chai ya tangawizi, akaniuliza natoka wapi, naenda wapi. Nikamweleza habari ya ndege.

"Ngoja na tumbo lijae, basi," akasema, na akanifungia mengine manne kwenye gazeti nisije nikaaibika huko angani.

Kutoka hapo hadi Msikiti wa Ijumaa ni mwendo wa miguu. Ndani ya ua wake, kando ya jengo, yamesimama makaburi mawili ya kale ya mnara, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Makaburi ya namna hii ni alama ya pwani ya Waswahili, kutoka Somalia hadi Tanzania, na yako hata kule Mambrui tulikopita angani, ambako fundi alipachika bakuli za kauri za Uchina kwenye nguzo. Mawe ya hapa yamechakaa vizuri, yameota kutu ya kijani upande wa kivuli, na popo wa usiku wameacha alama zao. Niliomba ruhusa kwa mzee aliyekuwa anafagia, nikasimama nje ya ukuta nikitazama. Wenyeji husimulia kwamba uwanja ulio hapa ndipo watumwa walipopigwa mnada katika karne ya 19. Nililikumbuka hilo kwa sababu ya sura ya mji wenyewe. Malindi unayoiona leo haikuzaliwa na Wareno wala watalii. Mji wa zamani ulikuwa umekufa, magofu na msitu, mpaka Sultan Majid wa Zanzibar alipoufufua mwaka 1861, na ulifufuka kwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Waliotoroka walikimbilia bara, wakaanzisha vijiji vyao wenyewe, vya watoro. Kizazi chao kiko hapa, kinaendesha tuktuk na kuuza samaki na kusomesha watoto shuleni, na mgeni anayesifu uzuri wa mji huu anapaswa kujua ni mikono ya nani iliyougeuza magofu kuwa mji tena.

Makumbusho ya mji, katika Nyumba ya Nguzo, niliyapitia upesi kwa sababu nilitaka kuwahi maji. Kitu kimoja kilinizuia mlangoni, nacho ni habari za silakanti, yule samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani pamoja na madinosaria, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2001 mwingine aliingia kwenye wavu wa meli ya uvuvi hapa mbele ya Malindi. Ana mapezi yenye mashina kama vijimkono. Nilifikiria huyo baharia aliyemwona akimwagika sitahani katikati ya samaki wa kila siku.

Kisha nikateremka ufukweni, nikageukia kusini kuelekea nguzo.

Rasi yenye Nguzo ya Vasco da Gama ni ulimi wa jabali la matumbawe unaoingia baharini, na nguzo yenyewe iko mwishoni kabisa: pia nyeupe ya mawe na chokaa, juu yake msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno, wenye nembo ya mfalme wao. Pia hiyo ilijengwa baadaye ili kuushikilia msalaba. Nilifika saa tano kasoro, maji yamerudi nyuma, na chini ya jabali niliona jinsi mawimbi yalivyolila, yamechimba mapango madogo, yameacha juu yake dari nyembamba. Bahari inaidai rasi hii. Wasimamizi wake, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wamekuwa wakipigana nayo kwa zege na mawe. Upepo ulikuwa hafifu, ule wa kubahatisha unaoitwa matlai, ambao si kusi tena wala bado si kaskazi. Nilikaa kivulini, nikala hamri la nne, na ndipo nilipouelewa mji huu.

Malindi ni mji wa watu wanaongoja. Tangu zamani ndiyo kazi yake. Vyombo vilikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kati ya Desemba na Machi, na havikuweza kurudi mpaka kusi iamke mnamo Aprili. Katikati yake hakukuwa na la kufanya ila kungoja, kununua, kuuza, kuswali, kuoa, kutengeneza tanga. Aliyechelewa kununua akakosa upepo alingoja tena. Miji ya pwani ilijengwa juu ya subira hiyo, na ukarimu wake, ambao sisi tunauona kama tabia tu ya watu, ulikuwa pia ujuzi wa kazi: kujua jinsi ya kumtunza mtu aliye njiani.

Wajumbe wa Malindi walijua kungoja kuliko hata mimi. Mwaka 1415 walimfikisha twiga mbele ya Mfalme Yongle wa Uchina. Watu wa baraza lake wakaona huyu ndiye kilin, mnyama wa heri wa hadithi zao, anayetokea pale tu utawala unapokuwa wa haki. Wajumbe hao walirudishwa nyumbani na msafara mkubwa wa merikebu wa amiri Zheng He, ule uliotoka Uchina mwaka 1417 na kurejea 1419. Hesabu mwenyewe ni misimu mingapi ya kusi na kaskazi waliyoisubiri njiani, wao na mnyama yule wa nyika anayehitaji majani mabichi kila siku.

Vasco da Gama alifika katikati ya Aprili 1498. Alikuwa ametoka Mombasa kwa uhasama, na Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu wa siku nyingi, kwa hiyo mfalme wa Malindi aliona faida ya kumpokea. Alikaa siku zisizozidi kumi. Alihitaji vitu viwili, upepo na mtu wa kumwonyesha njia, na vyote alivipata hapa. Kwa muda mrefu imesimuliwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Kiarabu kutoka Julfar. Wanahistoria wengi wa sasa hawaliafiki hilo, kwani waandishi wa Kireno humtaja kuwa mtu wa Gujarat. Vyovyote, aliyekuwa na elimu ya njia hakuwa Mreno. Tarehe 24 Aprili waling'oa nanga, kusi ikawachukua, na chini ya mwezi mmoja walikuwa Calicut.

Kurudi ndiko kulikokuwa na mafunzo. Hawakungoja upepo wao. Waliondoka Bara Hindi mapema, wakakaa baharini karibu miezi mitatu, kiseyeye kikawala fizi na miguu, wakafa kwa makumi. Walipoiona Malindi Januari 1499, jambo la kwanza walilotuma watu kutafuta pwani lilikuwa machungwa ya wagonjwa. Wengine hata machungwa hayakuwawahi, wakafia hapahapa. Ni katika kituo hicho cha siku tano ndipo Vasco alipomwomba mfalme ruhusa ya kusimamisha nguzo ya urafiki. Hapo kwanza ilisimama karibu na nyumba ya mfalme, ndipo baadaye ikahamishiwa huku rasini.

Nasema kwa dhati kwamba jina la nguzo hii linaniuma. Kila kijitabu cha watalii humtaja mgeni aliyekaa siku kumi, na mwenyeji aliyempa maji, mbuzi, machungwa na rubani hana hata kibao. Na urafiki wenyewe uliugharimu mji. Wareno walipoiteka Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, waliuhamishia ukoo wa kifalme wa Malindi huko, na mji huu ukaanza kunyauka. Ningependa siku moja nikute jiwe jingine hapa, hata dogo, lenye maneno ya Kiswahili kuhusu watu walioleta machungwa.

Njiani kurudi kuna kanisa dogo la Wareno, paa la makuti, makaburi machache chini ya miti. Linahusishwa na Francis Xavier, aliyesimama Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, naye kama wengine wote, alikuwa anapita tu. Mlinzi alinifungulia. Ndani ni chumba kimoja cha ubaridi, na baada ya jua la rasini nilikitamani kama kisima.

Saa saba ilinikuta kwenye gati na ufukwe wa wavuvi. Maji yalikuwa yameanza kupanda na mashua zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine, tanga limekunjwa, mtu mmoja mbele na upondo. Usiangalie vyombo peke yake, sikiliza. Lahaja na lugha zimechanganyika: Kiamu, Kibajuni, Kimvita, Kigiriama, na pembeni, karibu na moto wa kuni, kundi la wanaume waliokuwa wakisema "kwetu" kwa sauti ya Pemba. Hawa ni watu wa dago. Upepo ukikaribia kugeuka huja na vyombo vyao kutoka Pemba, hupiga kambi kwenye fukwe za Kenya, huvua miezi kadhaa, kisha hurudi kwao. Mpaka wa nchi kwao ni karatasi inayoonyeshwa ofisini. Mmoja wao, ndevu nyeupe, alikuwa anashona jarife lililochanika. Alilishika kwa kidole gumba cha mguu, akalivuta likakaza, akapitisha shazia lake mara mbili kwenye kila jicho la wavu, akafunga, akakata uzi kwa meno. Nilimwamkia, nikamwuliza amekuja dago mara ngapi. Akafikiri, akasema hajui, ila mara ya kwanza alikuja akiwa mtoto wa kuchota maji ya chombo, na baba yake ndiye aliyekuwa nahodha. Nikamwambia mimi nangoja ndege ya saa kumi na nusu.

"Ah," akasema, "si mbali hiyo. Sie twangoja upepo."

Samaki niliyekula mchana huo alikuwa kolekole wa kupaka, amechomwa kwanza juu ya makaa, kisha akapakwa tui lenye ukwaju na pilipili na kurudishwa motoni mpaka tui likamkaukia mwilini. Kando yake wali wa nazi na kachumbari. Duka lenyewe ni meza nne chini ya mwembe. Mama mpishi alitaka kunipa kijiko, nikanawa mikono.

Baada ya chakula nilitaka kahawa. Pale mjini kahawa ni ya namna mbili. Jioni wazee hunywa kahawa tungu barazani kwa vikombe vidogo na kashata. Mchana kuna ile ya Kitaliano, iliyokamuliwa kwa mashine, nzito, ndogo, pamoja na aiskrimu yao laini, na ni ya kweli kabisa. Watu hushangaa kusikia mwuza madafu wa Malindi akipatana bei kwa Kitaliano fasaha. Sababu ni ile minara ya chuma niliyoiona asubuhi. Katika miaka ya 1960 Waitaliano, chini ya uongozi wa Luigi Broglio, waliichagua Ghuba ya Ungwana kuwa kituo chao cha kurushia maroketi, San Marco, kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi na roketi inayoruka kuelekea mashariki, juu ya bahari tupu, hupewa msukumo wa bure. Wahandisi wakaja, wakaleta jamaa zao, jamaa wakajenga nyumba na hoteli, wakafungua maduka ya kahawa. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Siku ile ilikuwa kumbukumbu ya miaka saba ya uhuru wa Kenya, na kwa heshima hiyo wakaiita Uhuru. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Neno la Kiswahili lilizunguka dunia na kuweka orodha ya vyanzo vya miali ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona, na lilitokea hapa, umbali wa safari fupi ya mashua kutoka kwa wanaokausha samaki wao. Nawaambia watoto wote ninaowajua.

Nilikuwa na saa moja na nusu. Wapo waliokuwa wamenishauri niende Gede, ule mji wa magofu ulio kilomita 16 kusini, na kwa hesabu ya dakika ingewezekana. Lakini Gede inataka asubuhi nzima na miguu isiyo na haraka, na niliiacha ilipo. Nikaenda badala yake kwenye bustani ya mji kumwamkia Mekatilili wa Menza.

Sanamu yake imesimama hapo kati ya miti. Mwaka 1913 Waingereza walitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi za mashamba na kulipa kodi, na mwanamke huyu mjane, mtu mzima, akawakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, akawalisha kiapo. Wanasimulia kwamba mkutanoni alimletea afisa kuku mwenye vifaranga, akamwambia ashike kifaranga kimoja aone, kuku akamdonoa. Ndivyo tutakavyokuwa, akamwambia, ukimgusa mtoto wetu. Walimkamata, wakampeleka Kisii, upande wa pili wa nchi, pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Wakatoroka, wakarudi kwa miguu, wakivuka nyika na misitu. Mwaka 1914 serikali iliilipua kaya ya Wagiriama kwa baruti. Wasichana watatu wa shule walikuwa wamekaa chini ya sanamu wakila mabuyu, ndimi zao nyekundu, wakitafuta neno kwenye daftari. Mmoja akaniuliza, "Shangazi, 'kiapo' ni ngeli gani?" Nikamjibu ki-vi, akaandika, akarudi kwenye mabuyu yake.

Kijana wa tuktuk alikuja saa kumi kasorobo kama tulivyoagana, na alikuwa ameniletea dafu bila kuagizwa. Alikataa pesa ya dafu. Njiani alionyesha kwa kidevu, upande wa bahari. "Si nilikwambia, yamejaa." Kati ya nyumba mbili niliuona ukingo wa maji, juu, wa kahawia, unametameta.

Uwanjani wenzangu walikuwa kwenye mabenchi yaleyale. Mmoja, bwana aliyeniketia jirani tangu Manda, aliniuliza kama nimepata huko nje mahali penye mtandao mzuri. Nikafungua gazeti, nikampa mahamri mawili kati ya yaliyobaki. Alikula la kwanza kimya. Kabla ya la pili akauliza ni mtaa gani, na mama huyo hufungua saa ngapi.

Ndege iliondoka saa kumi na nusu barabara. Ilipanda kuelekea baharini kwanza, kisha ikageuka taratibu kuelekea bara, na Sabaki ikalala chini yetu yote, kutoka mdomoni ambako tope lilikuwa limefika sasa mpaka karibu na gati, kurudi nyuma mizunguko kwa mizunguko katikati ya vichaka vya kijivu. Jina lake ni Sabaki hapa tu. Juu zaidi wanauita Galana, na juu zaidi ya hapo ni Athi, na katika Athi humwagika Mto Nairobi, unaopita mtaani kwangu chini ya daraja ninalolivuka kila asubuhi nikienda kazini. Rubani aliufuata kwa muda, ukiwa upande wangu, mwekundu, unaelekea nilikotoka.